Ndiyo za Mzee Osmund

Siku mliyoniaga mlinipa vitenge viwili na chupa ya chai, mkakata keki, kisha mkanitaka niseme neno. Nilisema asanteni, nikaketi. Nilisikia baadaye kwamba watu walidhani nimezidiwa na machozi. Sikuwa na machozi yoyote. Nilikuwa na jambo moja la kuwaambia ambalo halisemeki mtu akiwa ameshika kipande cha keki, nikaona bora nirudi nyumbani niliandike. Hospitali siitaji, wenyewe mnaijua, na kosa nitakalolieleza si la hospitali. Ni langu mimi, Devota Kapinga, muuguzi wa wodi ya wanaume.

Nianze mbali kidogo, msije mkadhani nilikosea kwa kutojua kazi. Ningekuwa sijui, ningelala vizuri zaidi.

Niliingia wodini nikitoka Maguu, binti wa mkulima wa kahawa, nimevaa sweta ya shule chini ya gauni jeupe kwa sababu ya baridi ya Mbinga. Siku ile ya kwanza nilipewa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mwanamume aliyepatwa na kiharusi, haongei. Nikamsemesha kwa sauti. Aliponyamaza nikaongeza sauti. Nilipofika kiwango cha kusikika hadi jikoni, mtu mmoja mfupi mwenye koti la kaki alinigusa bega.

"Binti, huyo si kiziwi," akasema. "Masikio yake mazima kuliko yako. Unampigia kelele za nini?"

Huyo alikuwa Bwana Tasilo, mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye wodi nzima ilimwita fundi wa viungo na yeye hakukasirika. Kazi yake ilikuwa mikono na miguu, lakini kwa kuwa hapakuwa na mtu wa usemi, na usemi nao aliubeba. Alinifundisha kwanza kuketi. Alisema muuguzi aliyesimama juu ya kitanda anafanana na askari, na mbele ya askari hata mtu mzima hukosa maneno. Nizime redio. Niulize jambo moja tu, kisha nihesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla sijafungua mdomo tena. Nilipohesabu mara ya kwanza niliona kumi ni safari ya kwenda Songea na kurudi.

Alikuwa na kisanduku cha mbao alichokitengeneza mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na kijiko, kitana, ufunguo, kikombe cha bati, kipande cha sabuni, hindi kavu. Mgonjwa asiyeweza kutaja kitu aliweza kukionyesha, kukishika, kukitumia. Miaka ilivyokwenda tuliletewa kadi nzuri zenye picha za rangi, na kwenye moja kulikuwa na mashine ya kuosha vyombo. Nilimwonyesha mama mmoja wa Ukata, aliyelazwa wodi ya wanawake, akaitazama kwa heshima zote, akaifunika kwa kanga. Nikarudi kwenye kisanduku.

Lakini somo kubwa la Bwana Tasilo lilihusu neno ndiyo. "Mgonjwa wa ubongo akikuambia ndiyo, hujapata kitu bado," alisema. "Neno hilo hutoka lenyewe. Muulize na kinyume chake. Mwanamume muulize kama ni mwanamke. Akisema ndiyo tena, futa ile ya kwanza." Nililishika somo hilo, nikalifundisha kwa wanafunzi wa uuguzi, wengine wenu mkiwamo. Nilikuwa mkali nalo. Kuna mmoja wenu nilimfanya arudie maswali yote ya mgonjwa tangu mwanzo mbele ya mzunguko wa madaktari, na alilia. Anisamehe akisoma hapa, akifika mwisho ataona kwa nini.

Alipostaafu Bwana Tasilo aliniachia kisanduku. Baadaye alikuja mtaalamu wa usemi kutufundisha kwa wiki mbili, wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu, akarudi alikotoka. Kuanzia hapo nikaitwa nesi wa kuongea. Faili likija na mgonjwa asiyeongea, lilitua mezani kwangu hata kama mwenyewe alikuwa amenuna tu.

Wenye kiharusi nilikuwa nimewazoea. Walionishangaza ni wenye uvimbe kwenye ubongo, kwa sababu usemi wao hauondoki kwa siku moja. Aliyepatwa na kiharusi analala anaongea, anaamka haongei, na ndugu wanajua ni ugonjwa. Mwenye uvimbe anapungukiwa kidogo kidogo. Leo jina la jirani, mwezi ujao jina la mtoto wake. Watu wanasema amekuwa mlevi, amekuwa na dharau, ametupiwa kitu. Nilipata mwalimu mmoja aliyeshtakiwa kijijini kwamba anawabagua wanafunzi, eti hawaiti kwa majina. Kumbe majina yote yalikuwa yamemtoka na alikuwa akiwanyooshea chaki kwa aibu. Tena wana siku njema na siku mbaya. Mkimpa dawa ya kushusha uvimbe anafunguka, anasalimia, ndugu wanapiga vigelegele, na wiki ya pili anafunga tena. Akipatwa na kifafa, siku hiyo usimuulize kitu. Asubuhi ni bora kuliko alasiri, maana wanachoka mno. Mchunguzeni na kumeza pia: mgonjwa anayekohoa kila akinywa maji, mpeni uji mzito, aketi wima, ainamishe kidevu, na mtu asimsemeshe huku anameza. Hayo yote nilikuwa nayajua, nayaandika hapa ili mjue kwamba nilikuwa nayajua.

Mzee Osmund aliletwa kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa chini baada ya kuupita mteremko wa Tingi. Alikuwa mchonga mitumbwi, mtu mrefu, mwenye viganja ambavyo kimoja kingefunika uso wako. Alikuja na mkewe, Mama Hilda, na mdogo wake mmoja wa kiume aliyependa kuwa wa kwanza kujibu kila swali. Mzee alikuwa ameanguka kifafa mara mbili, na kwa miezi kadhaa maneno yalikuwa yakimpungukia. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kulegea, ila kikombe alishika, kifungo cha shati alifunga. Alipelekwa kupigwa picha ya CT, ile ya ndani ya kichwa, akarudi na bahasha kubwa ya kahawia. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, umekaa juu ya ubongo na kuukandamiza. Madaktari wa upasuaji wa hospitali kubwa walisema unaweza kutolewa, ila aende mapema, na akubali mwenyewe, kwa sababu kichwa kikifunguliwa lolote linaweza kutokea.

Hapo ndipo nilipoitwa. Ilikuwa asubuhi, mzunguko wa madaktari umefika kitandani kwake. Daktari wetu, kijana mpole, akaniambia, "Sista, wewe ndiye mwenye mambo ya kuongea. Muulize mzee anaamuaje. Ndugu wanataka kumrudisha nyumbani."

Mdogo wake akadakia, "Ameshasema anataka kurudi. Hata jana kasema."

Mimi ni mtu wa huku. Mzee wa umri wa baba yangu siwezi kumwanza na habari za kufunguliwa kichwa kabla sijamwamkia. Nikaketi, kama nilivyofundishwa, nikainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Salama. Namshukuru Mungu."

"Na nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wazima wote."

"Pole na kuumwa."

"Ahsante. Nimekwisha kupoa."

Sauti yake ilikuwa nzito, tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Daktari alitabasamu. Mimi nilitabasamu. Chumba kizima kikatulia, kwa sababu mtu anayeamkiwa vile na kuitika vile, kwetu sisi huyo ana akili zake zote. Nikaendelea. "Mzee, ndugu zako wanataka urudi nyumbani. Unakubali?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Upasuaji huutaki?"

"Ndiyo."

Kisanduku cha Bwana Tasilo kilikuwa kabatini, hatua sita kutoka pale. Swali la kinyume lilikuwa kwenye ulimi. Nililiona, nakumbuka kabisa kwamba nililiona. Nikajiuliza nitamwambiaje mzee aliyeniitikia kwa heshima namna hii, mbele ya mkewe na mdogo wake, "Je, wewe ni mwanamke?" Niliona ni matusi. Niliona aibu. Basi nikaliacha.

Nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko wangu mzuri ninaousifia: mgonjwa ana fahamu zake, anaongea, amekataa upasuaji kwa hiari yake mwenyewe. Mzee akaweka dole gumba. Nikaweka sahihi. Walipokuwa wakimtoa alinishika kifundo cha mkono, akanishika kwa nguvu, hakuniachia mpaka mdogo wake alipomfungua vidole. Nilidhani ananiaga. Nikamwambia, "Safari njema, mzee," naye akasema, "Ahsante."

Ilipita miezi miwili hivi. Nilitumwa kwenye kliniki ya mkoba kule ufukweni, kazi ya chanjo na kupima watoto uzito, na tulipomaliza mapema nikamwomba dereva tupitie kwa Mzee Osmund. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nakwenda kumwona mzee anayemalizia siku zake kwake, kama alivyochagua, na kusema kweli nilijiona muuguzi mwema kwa kupita.

Alikuwa ameketi barazani, amekonda, mkono wa kulia umelala mapajani. Mama Hilda alinitolea kiti. Joto la kule lilikuwa limetulowesha wote. Nikamwamkia mzee, akaitika marahaba, akaniuliza hujambo, akaniambia nyumbani wazima, akanipa pole ya safari. Moyo wangu ukafurahi. Nikamwambia Mama Hilda, "Jamani, mbona anaongea vizuri hivi!"

Mama Hilda aliendelea kuanua muhogo.

"Umeshakula, mzee?" nikauliza, swali la kupitisha muda.

"Ndiyo, mwanangu."

"Hajala tangu jana jioni," Mama Hilda akasema bila kugeuka. "Anasema ndiyo kwa kila mtu. Jirani alimuuliza kama namnyima chakula, akasema ndiyo. Sasa nimekuwa mke mbaya kijiji kizima."

Nilimgeukia mzee, naye ananitazama kwa utulivu ule ule. "Mzee," nikasema, "wewe ni Osmund?"

"Ndiyo."

"Wewe ni askofu?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mama Hilda akaangua kicheko. Nikauliza tena. "Mimi ni mke wako?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo."

Kicheko cha Mama Hilda kilikatika. Nikamwomba amuulize kwa lugha yao ya nyumbani, maana nilitaka bado kuwe na mlango wa kutokea. Akamuuliza mambo mawili yanayopingana, na kichwa kikakubali yote mawili. Swali nililoona aibu kuliuliza wodini, nimekuja kuliuliza barazani kwake, miezi miwili baadaye, na halikumkera hata kidogo. Salamu zote zile zilikuwa zimekaa kwenye kinywa chake tangu utotoni na zinatoka zenyewe, kama mtu anavyoendelea kupiga ishara ya msalaba huku anawaza mengine. Hakuwa amenijibu chochote wodini. Mimi ndiye niliyejijibu, nikaandika, nikaweka sahihi, nikamtuma nyumbani na uvimbe unaoweza kutolewa.

"Mama," nikasema, "tangu mrudi, amefanya jambo lolote la ajabu?"

"Ajabu?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Nesi, kila asubuhi ni ajabu. Anaamka gizagiza, anavaa koti lake la kanisani, anachukua begi anakwenda kukaa barabarani kwenye kituo cha gari. Anakaa pale mpaka jua linawaka. Tunamfuata tunamrudisha. Kesho yake tena. Shemeji akaona kichwa kimeshaharibika, akalificha begi. Sasa anakwenda bila begi."

"Ndani ya begi aliweka nini?"

Aliingia ndani akalitoa uvunguni mwa kitanda. Nilifungua zipu mwenyewe. Kulikuwa na mashati mawili, blanketi, daftari lake la hospitali, na bahasha ya kahawia yenye picha ya CT, imelazwa kwa uangalifu ili isikunjike.

Nimeona vifo vingi kazini. Nimewahi kumfunika mtu niliyesoma naye. Hakuna kilichowahi kunishtua kama bahasha ile. Miezi miwili mzee yule alikuwa akisema kila siku, kwa miguu yake, kwa koti lake la kanisani, na kijiji kizima kilikuwa kinamrudisha nyumbani kwa upendo. Nilitetemeka mbele ya mama wa watu. Akaniuliza kama nina malaria.

Sikutaka kukosea tena. Kisanduku nilikiacha Mbinga, nikatumia vilivyokuwapo. Nilitandika mkeka, upande mmoja nikaweka begi na bahasha, upande wa pili mto wake na tezo yake ya kuchongea. Nikamweleza polepole, kwa maneno machache na mikono mingi: gari, safari ndefu, hospitali, nikapitisha kidole kichwani kuonyesha kukata, nikafumba macho, kwamba huenda asiamke. Kisha huku: mto, nyumbani, mke, na uvimbe unaendelea. Nikanyamaza, nikahesabu hadi kumi. Nilipofika sita mzee akaweka mkono wa kushoto juu ya bahasha.

Nikabadilisha pande. Akaweka mkono juu ya bahasha. Nikabadilisha tena, nikaanza maelezo upya tangu kwenye gari. Mzee Osmund akanitazama kwa macho ya mtu aliyechoshwa na mwanafunzi mzito, akaichukua bahasha, akainuka, akaenda akaingia kwenye gari letu, kiti cha mbele, akafunga mlango.

Mdogo wake alifika huku anahema, ameambiwa nesi anamchukua kaka yake. "Hatoki mtu hapa! Mwenyewe alisema arudi nyumbani! Wewe mwenyewe, sista, si ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Niliandika uongo."

Dereva akawasha gari.

Sitawachosha na safari, vibali na simu. Daktari wetu nilimweleza yote, na akaketi chini kwenye benchi la wagonjwa kabla ya kuniambia lolote. Mzee alipelekwa hospitali kubwa, uvimbe ukatolewa, akaamka. Ila mkono wa kulia ulikuwa umelegea wote kabla hajafika kwenye meza ya upasuaji, na haukurudi. Daktari wa upasuaji aliandika kwamba uvimbe ulikuwa umeongezeka sana tangu ile picha ya kwanza. Hakuandika kwamba angekuja mapema mkono ungepona. Hakuandika pia kwamba usingepona. Nimeisoma barua ile mara nyingi nikitafuta sentensi ya kuniokoa, haimo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilimfuata kwake kila nilipopata gari la mkoba. Kazi yetu ilikuwa moja: kumfundisha hapana. Ndiyo alikuwa nayo ya kumwaga. Kwa hapana tulianza na kutikisa kichwa, mimi nikimshika mashavu, Mama Hilda akifanya mbele yake. Kisha tukaanza kumpa vitu vya kipuuzi ili avikatae. Nilimpa uji wenye chumvi tele, akaunywa wote, akasema ahsante. Mama Hilda alimletea gauni lake, "Baba Hilda, vaa hili twende kanisani," na yeye akaanza kuingiza mkono. Tulicheka hadi machozi, yeye akicheka pamoja nasi bila kujua sababu. Wiki zilizofuata alianza kusita. Halafu akaanza kusukuma vitu. Siku moja Mama Hilda alipomwekea kwenye ungo samaki mbasa wa juzi anayenuka, mzee aliusukuma ungo wote ukaanguka uani, na sote wawili tukapiga makofi kama wehu. Neno lenyewe lilikuwa bado.

Mitumbwi alikuwa akiichonga kwa mkono wa kulia, na hamna mtu wa kijiji kile aliyekuwa na tezo inayokwenda kama yake. Nilimkuta mara kadhaa ameipakata kwa mkono wa kushoto, anaipapasa makali. Hakulia mbele yangu. Mimi nilikuwa nageuza uso nikajifanya naandika.

Zilipobaki wiki chache nistaafu nilikwenda kumuaga. Niliamua siondoki bila kumwambia. Nikamwamkia, akaitika, zikaisha salamu zote. Nikaketi chini kwenye mkeka, si kwenye kiti.

"Mzee," nikasema, "ile siku wodini, nilikuuliza vibaya. Wewe ulitaka kwenda kutibiwa, mimi nikaandika hutaki. Niliona aibu kukupima. Umechelewa kwa sababu yangu." Nikaugusa mkono wake wa kulia. Nikahesabu hadi kumi ili maneno yamwingie. "Mzee, unanisamehe?"

Nilijua atasema ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kutoiamini, na nilikuwa pia, Mungu anaona, nimejiandaa kuipokea.

Midomo yake ilisogea. Ikachukua muda. "Hapana," akasema.

Mama Hilda akadondosha kijiko. "Baba Hilda! Mtu ametoka Mbinga, huna hata haya?"

"Mwache, mama," nikasema. Lilikuwa neno zima, limesimama. Sikujua kama nilie au nipige makofi. Lakini kazi ni kazi, na safari hii nisingeona aibu kuuliza kinyume chake.

"Mzee, bado una uchungu na mimi?"

"Ndiyo."

"Yamekwisha, tumesameheana?"

"Hapana," akasema haraka zaidi, akatikisa kichwa kama tulivyomfundisha, kushoto na kulia, bila mtu kumshika mashavu.

Nilitoa faili lake kwenye mkoba, nikaandika ukurasa wangu wa mwisho kuhusu Mzee Osmund: ameulizwa mara tatu, kwa pande zote mbili, ndiyo yake ni ndiyo na hapana yake ni hapana, kuanzia leo majibu yake yachukuliwe kama yalivyo.